Wanaiona Peari, Hawaioni Koltani

Mwezi wa tatu mwaka 2020, kampuni ya Apple ilipeleka pingamizi katika ofisi ya alama za biashara ya Marekani. Aliyeshitakiwa alikuwa tunda. Peari ya kijani iliyochorwa kwa mstari, na jani dogo juu yake: nembo ya Prepear, programu ya simu inayowasaidia wazazi kupanga mapishi ya juma. Kampuni iliyoiunda ilikuwa na watu watano. Apple ikadai kwamba peari hiyo inaweza kuwachanganya wateja wakaidhania tofaa lake. Watu zaidi ya 200,000 walitia saini ombi la kuitaka iwaache wale watano, na Februari 2021 shauri likaisha kwa mapatano. Prepear wabadili umbo la jani, wabaki na peari yao.

Jani! Kampuni yenye thamani inayohesabiwa kwa trilioni za dola iliwatuma mawakili, ikaandika kurasa kwa kurasa, ikawatia watu watano hofu ya mwaka mzima, kisha ikatulia umbo la jani lilipobadilika. Wala haikuwa ajali ya siku moja. Kati ya 2019 na 2021 Apple ilipeleka mapingamizi zaidi ya 200 ya namna hiyo nchini Marekani, mengi kuliko ya Microsoft, Facebook, Amazon na Google yakijumlishwa.

Sasa njoo kwetu. Desemba 2024 mawakili wa serikali ya Congo walipeleka malalamiko ya jinai Paris na Brussels dhidi ya matawi ya kampuni hiyo hiyo, wakidai kwamba madini yanayoporwa mashariki mwa nchi yetu huishia ndani ya bidhaa zake. Apple ilikanusha vikali. Ilisema imekwisha kuwaagiza wanaoiuzia vifaa wasimamishe ununuzi wa bati, tantali, tangisteni na dhahabu kutoka Congo na Rwanda, kwa sababu vita vimezidi na wakaguzi huru hawawezi tena kufanya uhakiki unaotakiwa. Waendesha mashtaka wa Paris waliifunga faili, na Ubelgiji ikateua jaji wa uchunguzi. Mimi si jaji na sitamhukumu mtu. Nayachukua maneno ya Apple yenyewe na kuyaweka mbele yako, msomaji wa Butembo, wa Beni, wa Lubero. Jani la peari katika programu ya mapishi ya watu watano liliweza kuonekana, kupimwa na kufuatiliwa mpaka likabadilishwa. Madini ya koltani, ambamo hutoka tantali, yanayobebwa mgongoni kule Rubaya, katika jimbo letu hili la Kivu Kaskazini, mahali panapokisiwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali yote ya dunia, hayo hayawezi kukaguliwa.

Nguvu hiyo ya kuona na kutoona ndiyo inayonichoma. Leo siandiki juu ya madini. Wapo wanaoyaandika vizuri kuliko mimi. Naandika juu ya mali nyingine ambayo tunaiacha bila mlinzi huku tukiitazama, nayo ni majina ya kazi za vijana wetu.

Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, benki zake zikafunga milango, makao ya jimbo yakahamia Beni, na barabara ya kusini ikawa si yetu tena. Tukabaki na barabara ya Kasindi iendayo Uganda, na Mungu, na simu. Mji wa Butembo uliojengwa na wafanyabiashara wasiomngoja mtu, waliokwenda wenyewe Dubai na Guangzhou kuagiza kontena, sasa una watoto wao wanaokaa mbele ya kompyuta usiku umeme ukiwapo. Vijana wa Vulamba, wa Kimemi, wa Bulengera, wa Mususa. Na kule Beni wa Mulekera na Bungulu. Huyu anaandika programu ya kuhesabu mali iliyobaki dukani, yule ya kukusanya ada za shule, mwingine ya kumwita mwenye teksi-moto anayejulikana jina na namba, kwa sababu katika mji uliokwisha kuona mauaji mtu hapandi moto ya yeyote usiku. Kila mmoja wao, kabla hajaandika mstari wa kwanza, amekwisha kuchagua jina. Analichora, analipaka rangi, analitia kwenye fulana, analitangaza redioni. Jina ndilo mtaji wa kwanza wa asiye na mtaji.

Na mtaji huo anauweka wazi, usiku na mchana, bila kujua.

Mwulize. Atakuonyesha RCCM yake, ile namba ya rejista ya biashara tuliyoletewa na OHADA, umoja wa sheria za biashara barani Afrika, tangu Congo ijiunge nayo mwaka 2012. Atakuonyesha kitambulisho cha taifa cha biashara. Pengine ana patenti tu, ile leseni ya mfanyabiashara mdogo, lakini ameilipia na ana risiti. Ukimwambia kwamba karatasi hizo zote hazimpi haki ya alama, atakutazama kana kwamba unamtukana. Lakini ndivyo ilivyo. RCCM inasema wewe ni nani na unafanya biashara gani. Haisemi kwamba jina lililo juu ya programu yako hakuna mwingine anayeruhusiwa kulitumia. Haki hiyo hutoka mahali pengine, kwenye usajili wa alama katika Wizara ya Viwanda, kule Kinshasa, na anayewahi kusajili ndiye mwenye nguvu. Watu wa Lubero hawahitaji kufundishwa jambo hili maana wanalijua kwa machozi: unalima shamba la babu yako miaka arobaini, halafu anatokea mtu na cheti kutoka mjini, nawe unaambiwa wewe ndiye mvamizi.

Sheria inayotawala mambo haya ni ile namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982. Hesabu mwenyewe. Nchi iliitwa Zaire, Mobutu alikuwa Gbadolite au kwenye meli yake, na hapakuwa na mtu Butembo aliyewahi kushika simu ya mkononi. Sheria hiyo inatoa ulinzi wa miaka 10 unaoweza kuhuishwa, na kwa wakati wake haikuwa sheria mbovu. Ubovu uko kwa walioiacha izeeke peke yake. Tangu hapo tumepata sheria ya mwaka 2022 ya kukuza ujasiriamali na kampuni changa. Tumepata kanuni ya mambo ya kidijitali ya Machi 2023. Hotuba zimesomwa, picha zimepigwa. Lakini kijana anayesifiwa katika sheria hizo mbili, akitaka kulilinda jina lake, anarudishwa kwa Mobutu.

Anarudishwa Kinshasa pia. Kutoka Butembo mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia ya angani, na njia nyingine ya kuaminika haipo. Ni ndege, ni kulala kwa watu, ni kumtafuta mtu anayemjua mtu. Kampala iko karibu nasi kuliko makao makuu ya nchi yetu mara nne. Kijana wa Beni anaweza kuvuka Kasindi asubuhi na kesho yake kuwa mbele ya dirisha la ofisi ya usajili ya Uganda, ofisi ya nchi isiyo yake, kabla hajapata hata tikiti ya kwenda katika ofisi ya nchi yake. Na hata akiifikia Kinshasa, alama aliyoisajili hailindwi hatua moja nje ya mpaka. Congo haimo katika mashirika ya haki miliki ya Afrika, OAPI yenye makao Yaoundé na ARIPO yenye makao Harare, wala haimo katika Itifaki ya Madrid ambayo kwa ombi moja humwezesha mtu kuomba ulinzi katika nchi nyingi. Kenya imo Madrid tangu 1998. Rwanda imo tangu 2013. Sisi tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kwa shangwe na bendera, tukaifungulia bidhaa ya kila mtu soko letu, bila kuuliza jina la mtoto wetu litafika vipi Nairobi likiwa bado lake.

Wapo watakaosema: hayo yote ni makaratasi, kampuni kubwa ya California itamjulia wapi kijana wa Butembo? Hawajui jinsi mambo yanavyokwenda sasa. Zamani mkubwa alihitaji mahakama ili akudhuru. Leo anahitaji fomu. Programu yako imo katika duka la Google au la Apple, na hakuna duka la tatu la maana. Anayedai kwamba jina lako linagusa alama yake anajaza malalamiko, duka linayapokea, na linaweza kuiondoa programu yako. Kisha wewe unaelekezwa ukazungumze na mlalamikaji mwenyewe. Hakuna jaji aliyekaa. Hakuna aliyekusikiliza kwa Kiswahili wala kwa Kinande, na Kifaransa nacho bahati. Wateja uliowakusanya kwa mwaka mzima wanaamka asubuhi na hawakuoni. Ukitaka haki yako uitafute, tafuta wakili wa nchi ile, kwa dola za nchi ile. Huku ndiko ninakokuita kuhukumiwa kabla ya kusikilizwa, na hakuna sheria ya kwetu, ya kimila wala ya kizungu, inayokubali hivyo. Mzee wa kijiji Kyondo asingethubutu kumnyang'anya mtu mbuzi bila kumwita aseme.

Na usidhani kwamba sheria ya alama inawauma wote sawasawa. Novemba 2009 Google ilitangaza lugha mpya ya kuandikia programu, ikaiita Go. Kumbe mtafiti Frank McCabe, pamoja na Keith Clark, alikuwa amekwisha kutengeneza lugha iitwayo Go! miaka mingi nyuma, akaichapishia makala na mwaka 2007 akaiandikia kitabu. McCabe aliwaandikia Google hadharani akiwaomba wabadili jina. Waandishi wa programu wengi walimuunga mkono. Google ilikaa na ombi hilo karibu mwaka, na Oktoba 2010 ikalifunga. Sababu? Bidhaa za kompyuta zenye jina Go ni nyingi, na mkanganyiko uliotokea ni mdogo.

Basi soma tena kisa cha peari. Mdogo anapokaribia tunda la mkubwa, mkanganyiko ni hatari kubwa hata kama hakuna mteja hata mmoja aliyekosea programu ya mapishi akadhani amenunua iPhone. Mkubwa anapolichukua jina la mdogo herufi kwa herufi, mkanganyiko unakuwa mdogo na majina ya aina hiyo ni mengi. Kipimo kimoja, mizani mbili. Na anayeishika mizani ni yule yule anayepimwa.

Anayetaka kujua kesi hizi huamuliwa na nini hasa, amtazame Lindows. Desemba 2001 Microsoft iliishitaki kampuni hiyo ndogo, iliyokuwa ikiuza mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux, kwamba jina lake linafanana mno na Windows. Jaji wa Seattle alikataa kulizuia jina la Lindows, akahoji kama neno windows, yaani madirisha, halikuwa neno la kawaida la wana-kompyuta kabla Microsoft haijalifanya lake. Hapo hewa ikageuka. Kama kesi ingefika mwisho, Microsoft ingeweza kuipoteza Windows yenyewe. Julai 2004 ikalipa dola milioni 20 ili yaishe, na Lindows ikajiita Linspire. Umeona? Mshitaki ndiye aliyelipa. Lakini mwenye Lindows, Michael Robertson, alikuwa tajiri aliyekwisha kuiuza kampuni yake ya muziki, MP3.com. Aliweza kukaa kitini miaka miwili na nusu mawakili wakila. Haki aliyoipata ilikuwa haki ya kweli. Ila mlangoni kulikuwa na kiingilio, na kijana wa Mususa hana kiingilio hicho.

Tumeimbiwa tangu utotoni: mwenye nguvu mpishe. Mimi sitaki kumpisha.

Tazama pia upande wa maneno yetu wenyewe. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, ikaenezwa na mawakala wa vibandani na mama wa sokoni mpaka dunia nzima ikaja kujifunza. Vodacom ikaileta Congo mwaka 2012. Lakini jina lile, lenye pesa ndani yake, lilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza, na Safaricom ilikuwa ikilipa ili ilitumie, mpaka Aprili 2020 yenyewe na Vodacom zilipokamilisha kulinunua. Miaka 13! Kila mama aliyetuma fedha kwa mwanawe alikuwa akilikuza jina la mwenye nyumba wa mbali. Disney nayo iliomba kusajili Hakuna Matata kwa ajili ya mavazi mwaka 1994, ikapewa na Marekani mwaka 2003, ingawa Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wamekwisha kuyaimba maneno hayo miaka ya 1980. Apple imekiita kivinjari chake Safari tangu 2003 na inaihesabu Safari miongoni mwa alama zake. Sisemi kwamba tumekatazwa kusema safari. Alama husajiliwa kwa aina ya bidhaa au huduma, zikiwa zimegawanywa katika madaraja 45, na mwenye basi la Butembo kwenda Beni anaweza kuandika Safari ubavuni mwa basi lake bila woga. Lakini akija mtoto wake akitaka kuunda programu ya kuuza tikiti za basi hilo hilo na kuiita Safari, ameingia daraja la programu za kompyuta, na humo ndani neno la bibi yake lina mwenyewe.

Na kwa nini halikusajiliwa na mtu wa kwetu kwanza? Swali zuri. Nitalijibu baadaye kidogo, maana jibu lake halitupendezi.

Kwanza nimalize deni la wakubwa. Wapo Nairobi watakaoikumbuka Mocality. Ilikuwa orodha ya biashara za Kenya iliyokusanywa na watu wa mitaani, duka kwa duka, wakilipwa kwa M-Pesa, mpaka ikafika biashara zaidi ya 100,000. Haikuwa maskini kabisa, kwani nyuma yake kulikuwa na fedha za Naspers ya Afrika Kusini. Mwishoni mwa 2011 wenye maduka walianza kupiga simu wakiuliza mambo ya ajabu. Mkuu wa Mocality, Stefan Magdalinski, akatega mtego. Akapanga wageni waliotiliwa shaka waonyeshwe namba za simu zinazoingia katika ofisi yake mwenyewe, kisha akasikiliza. Waliokuwa wakipiga walikuwa wakifanya kazi katika mradi wa Google wa kuziingiza biashara za Kenya kwenye intaneti. Walikuwa wakiichota orodha ya Mocality, na wakiwaambia wenye maduka kwamba Google na Mocality zinashirikiana. Januari 2012 Magdalinski akaanika kila kitu, na makamu wa rais wa Google, Nelson Mattos, akaomba radhi hadharani. Mwaka 2013 Mocality ikafungwa.

Radhi ilipokelewa. Ila angalia kilichotumika kumfungua mdomo mwenye duka wa Nairobi. Lilikuwa jina. Jina lililojengwa kwa miguu ya watu waliotembea juani ndilo lililokopwa bila ruhusa ili kuipatia Google njia. Lau Mocality ingekuwa kijana mmoja wa Bungulu, asiye na mtu wa kumtegea mtego, nani angejua?

Sasa lile jibu lisilopendeza. Majina yetu yanachukuliwa kwa sababu hatujayaandika. Serikali ina sehemu kubwa ya kosa, nami nitaifikia, lakini sisi wenyewe tumeishi kwa mazoea ya kuona kwamba jina halina gharama. Mfanyabiashara wetu anaagiza bidhaa China kwa nembo aliyoibuni mwenyewe na hajui kama kule kule China kuna mtu amekwisha kuisajili. Mwenzake wa jirani anaiiga nembo inayouzika, anabadili herufi moja, anaiita akili. Masoko yetu yamejaa simu zenye majina yanayokaribia majina makubwa, dawa zenye majina yanayokaribia majina ya dawa za kweli, na watu wanakufa kwa hizo za pili. Wakubwa wanatuonyesha masoko hayo na kusema: mnaona kwa nini tunakuwa wakali? Na kwa hilo wana haki. Anayeuza betri feki kwa jina la mtu mwingine ni mwizi, awe Butembo au Shanghai, na makala hii haimtetei.

Lakini mwizi wa betri na mwenye peari si mtu mmoja. Kuwatia wote katika kapu moja ndiyo hila ya siku zote. Sheria ya alama ilitungwa ili mnunuzi asidanganywe juu ya anachonunua. Haikutungwa ili kampuni imiliki matunda. Inapotumiwa dhidi ya mtu asiyemdanganya yeyote imeacha kazi yake, na anayeitumia hivyo anawaharibia hata wale wenye malalamiko ya kweli.

Nao vijana wetu wanayo ya kufanya leo, bila kungoja mtu. Msichague majina ya kawaida. Programu ikiitwa Soko au Duka hakuna sheria itakayowapa umiliki wa neno ambalo kila mtu analihitaji. Kinande kina hazina ya majina ya vilima, mito na mavuno ambayo hakuna mwanasheria wa California atakayedai aliyaota. Kabla ya kulichora jina, litafuteni katika hazina ya alama ya shirika la haki miliki la Umoja wa Mataifa, WIPO, ambayo ni bure na inafunguka kwenye simu. Wekeni ushahidi: tangazo la kwanza lenye tarehe, risiti, picha ya programu siku ilipotoka, mkataba na mteja wa kwanza. Siku ya ugomvi, anayeonyesha tarehe husikilizwa kuliko anayelia.

Wakubwa wa biashara wa Butembo, ninyi wa shirikisho la biashara la FEC, nawauliza bila kuficha. Mnachangia mazishi, mnachangia barabara, mlikwisha kuchangia hata mambo ambayo ni kazi ya serikali, na mji unawashukuru. Je, mmewahi kuketi mkachangia mfuko wa kusajili alama za watoto wenu? Na Université Catholique du Graben yenye kitivo cha sheria, inashindwaje kuwa na chumba kimoja ambamo wanafunzi wa mwaka wa mwisho, chini ya mwalimu wao, wanamjazia kijana fomu zake na kumwandikia barua ya kujibu malalamiko ya duka la programu? Ushindi wa mdogo unawezekana mahakama ikiwa karibu. Mwaka 2016 wanamuziki AY na Mwana FA wa Tanzania waliishinda kampuni ya simu ya Tigo katika Mahakama ya Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, iliyotumia nyimbo zao kama miito ya simu bila idhini, na mahakama ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Ile ilikuwa haki ya utunzi, si alama, lakini somo ni lile lile. Haikuwapasa kupanda ndege kwenda kudai. Walikwenda Ilala.

Kwa serikali sina maneno laini. Wizara ya Viwanda, yenye daftari hilo la alama, iliongozwa tangu 2019 mpaka 2024 na Julien Paluku, mtu wa huku kwetu, aliyekuwa gavana wa Kivu Kaskazini tangu 2007 mpaka 2019. Alizijua barabara zetu na umbali wetu kuliko waziri yeyote aliyewahi kukaa katika kiti kile. Alipoondoka, usajili ulibaki Kinshasa na sheria ilibaki ya 1982. Nalisema bila chuki kwa mtu, kwa sababu kama hata yeye hakulileta dirisha hilo karibu, basi tusingoje waziri mwema. Tudai sheria.

Tunachodai kinaweza kuandikwa katika kurasa chache. Ombi la alama lipokelewe Beni na Butembo na kwa njia ya intaneti, ada ilipwe kwa simu kama tunavyolipa kila kitu kingine, na tarehe ya ombi iwe ile ya siku lilipopokelewa huku, si siku lilipofunguliwa Kinshasa. Congo iingie Itifaki ya Madrid. Na duka lolote la programu linalouza kwa Wacongomani lilazimishwe kumwarifu mwenye programu kabla ya kumwondoa, kumpa siku za kujibu kwa lugha anayoielewa, na kumwandikia sababu. Hilo la mwisho nchi moja haliwezi peke yake. Lipelekeni kwa wabunge wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Arusha, maana nchi nane zikiongea kwa sauti moja ni soko ambalo hakuna kampuni itakayolidharau.

Bunge la Kinshasa hufungua kikao chake cha kawaida tarehe 15 Machi na tarehe 15 Septemba, kila mwaka, katiba ndivyo inavyosema. Waheshimiwa mliotumwa na Butembo, Beni, Lubero na Oicha, mnazijua tarehe hizo kuliko mimi. Kikao kijacho tunataka kuuona muswada mezani ukiwa na majina yenu juu yake. Na asiyetia lake, tutalitangaza hapa nyumbani, redioni na sokoni, mpaka uchaguzi.